Taa ya Karavani Chini ya Menengai

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kwa sababu haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, na pombe sijawahi kuonja maishani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Nakuru. Baba yetu, mfanyakazi wa reli aliyetuleta kutoka Bungoma, alikuwa amefariki, na mama akamfuata. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule mapema, nikabaki na wadogo zangu wawili, Nafula na Wekesa, katika chumba kimoja cha kupanga. Nilipata kazi kwenye kambi ya wageni chini ya Menengai. Wazungu walikuja na karavani, zile nyumba ndogo za bati zinazovutwa na gari, na kazi yangu ilikuwa kuziunganisha na stima. Waya ni mmoja, mrefu: ncha moja unaichomeka kwenye karavani, nyingine kwenye nguzo, kisha unawasha swichi. Basi.

Opiyo, mpishi wa kambi, alinitania kila jioni. "Wewe na hiyo stima yako! Siku moja itakuoa bila mahari."

"Afadhali stima kuliko supu yako," nikamjibu.

Jioni moja mvua ilikuwa imepungua na ukungu umeshuka kutoka mlimani. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu niende nyumbani, nikasikia sauti ya mwanamke: "Mwanangu, hata mimi niwashie kabla hujaenda."

Nikageuka. Karavani ndogo, nyeupe kama yai, ilikuwa imesimama mahali ambapo mchana palikuwa na nyasi tu. Gari la kuivuta sikuliona. Nyasi ndefu zilisimama wima pande zote, hazikukanyagwa na gurudumu wala mguu. Mlangoni alikaa mama mzee, mweusi kama mimi, amejifunga leso. Niambie, siku hizo ni Mwafrika gani alikuwa na karavani? Ningepaswa kukimbia. Lakini niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilijihisi kama mtu aliyeingia kanisani akakuta wote wameinamisha vichwa.

"Kuna wageni ndani," akasema, "wanakaa gizani."

Nikatundika waya begani, nikachomeka ncha ya kwanza kwenye karavani. Papo hapo taa ikawaka. Haikuwa kama taa zetu za kambi. Ilikuwa tulivu, ya manjano, kama jua la asubuhi lililoingia chumbani bila kubisha. Nikachungulia dirishani.

Baba alikuwa ameketi mezani na koti lake la reli. Mama alikuwa anamenya viazi, na kile kidole chake kilichopinda kilikuwa vilevile. Nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Kilikuwa na joto. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

"Ingia," yule mzee wa mlangoni akasema nyuma yangu. "Nafasi ya mtu mmoja ipo. Umechoka, si ndiyo?"

Nilikuwa nimechoka, Mungu anajua. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa mama yangu alipoinua macho kule ndani. Hakutabasamu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikirudi nyumbani peke yangu bila wadogo zangu.

"Umewaacha na nani?"

Hayo tu. Nikachomoa waya. Mbele yangu pakabaki ukungu na nyasi.

Opiyo alinikuta hapo, ameshika taa ya chemli. "Unavua samaki kwenye nyasi? Na ule mwanga niliouona kutoka jikoni ni wa nini?" Kisha akatazama bega langu, na utani ukamwisha. Ncha ya pili ya waya ilikuwa bado imeviringwa pale begani. Sikuwa nimeichomeka popote.

Hiyo stima ilitoka wapi?

Sikungoja kujua. Nilikimbia mpaka nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi, na jiko la makaa linawaka katikati ya chumba, hewa yake ya sumu imejaa humo. Watoto wamelala. Nilimwita Nafula, hakuitika. Nikawaburuta hadi nje, mmoja baada ya mwingine, mvua ikituloanisha. Wekesa akatapika. Nafula alikaa kimya, kimya ambacho hadi leo nakisikia nikilala, kisha akakohoa.

"Mbona unatulowesha?" akaniuliza kwa hasira.

Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Leo Nafula ni nyanya. Wajukuu wake hupenda kunigusa hapa kwenye paji la uso asubuhi za baridi, kwa sababu pale palipogusa kile kioo hapajapoa tangu jioni hiyo. Gusa uone.

Nawe unayenisikiliza, ukiona taa inawaka mahali usipopajua, fuata waya wake hadi mwisho kabla hujashika kitasa. Na ukiulizwa umewaacha na nani, usisimame kutafuta jibu. Kimbia nyumbani.