Wimbo Uliokosa Jibu

Getruda alikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha minofu ya samaki, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba bosi kila mara alimwambia arudie. Jumamosi aliimba katika bendi ya vichekesho ya mtaa wa Mirongo, iliyochanganya roki, rumba, kwaya na ngoma za Kisukuma mpaka watu wakashindwa kujua wacheze au wacheke.

Mwaka 1996 walirekodi kanda mpya katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Wimbo mmoja uliiga mashindano ya Wagika na Wagalu, mahasimu wa ngoma ambao baada ya mavuno hukutana uwanjani na kukejeliana, kila upande ukiwania watazamaji. Getruda aliimba kejeli za Wagika. Maneno yakamwishia, akachota kisa cha nyumbani: manju wa Wagalu, kiongozi wao wa ngoma, aliyekimbia mvua, ngoma yake ikabaki ikielea kama mtumbwi.

Manju huyo alikuwa baba yake, Mzee Nkwabi.

"Hapo hapo, dada!" Masalu, mpiga gita, alicheka hadi machozi. Wakafunga wimbo pale pale.

Juma lililofuata Masalu alimfuata kazini. Safari hii hakucheka.

"Kanda imefika kwenu, Kisesa. Wagika wameipiga gulioni kutwa nzima. Na kesho ndiyo mashindano."

Getruda aliacha barua katikati ya mstari. Kipigo hakukiogopa, baba hakuwahi kumchapa. Alimkumbuka manju mwingine, aliyefichuliwa siri na ndugu yake wa damu. Watu walisema kejeli ya nyumbani haina dawa. Yule mzee hakurudi tena uwanjani. Siku hizi anasokota kamba mlangoni kwake, na salamu haitikii.

Aliomba ruhusa, akaenda Kisesa. Kutoka barabarani hadi nyumbani alisimama mara tatu. Uani palikuwa kimya. Baba alikuwa ameketi na ngoma mapajani, haipigi.

Getruda akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Baba aliifuta ngoma vumbi kwa kiganja.

"Marahaba," akaitikia hatimaye. "Ni sauti yako ile?"

"Ni yangu. Nisamehe, baba. Ulikuwa mzaha."

"Mzaha naujua, nimeufanya miaka thelathini." Alikaza kamba ya ngoma. "Nimesikiliza upande wote wa kanda, nikageuza, nikasikiliza wa pili. Jibu la Wagalu liko wapi?"

"Hatukurekodi jibu."

"Mtu anatukanwa, halafu mnazima mashine! Nani kawafundisha hivyo?"

Mzee Nkwabi akaisogeza ngoma karibu.

"Kesho nitajibu mwenyewe. Wewe ukae mbele kabisa, watu wakuone. Kasirika ukitaka, lakini usiondoke." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mwaka ule fisi alipoingia zizini, wewe ulijificha wapi vile?"

Mwaka ule Getruda alijificha ndani ya kihenge, akajikojolea juu ya mtama wa mbegu, na hakuna aliyejua isipokuwa baba.

"Baba, tafadhali…"

Mzee Nkwabi alikwishaanza kuipiga ngoma, taratibu, akitafuta mahali maneno yatakapokaa.