Msichana Aliyemenya Viazi Nami

Baada ya kumzika mume wangu, kila aliyefika kwangu mtaani Skuta aliomba, akaniambia nijikaze, akaenda. Nilikuwa nimeacha kula. Kisha akaja msichana wa chuo kikuu, anayesomea digrii ya huduma za jamii. Nikangoja maombi. Yeye akachukua kisu, akamenya viazi nami, kimya. Baadaye akauliza, "Mama, mzee alipenda mukimo?"

"Sana! Lakini yale mahindi tunayoponda na viazi alikuwa anayatoa yote, kama mtoto."

Tulicheka mpaka nikalia. Hakunizuia. Mimi shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nilimwuliza nani alimfundisha kunyamaza hivyo.

"Ni chuoni, mama. Na hilo somo nilifeli mara ya kwanza."

Mukimo ulipoiva, nikapakua, tukala.