Mikono ya Mkandaji wa Temeke

Bibi mkandaji wa Temeke hamuulizi mgonjwa anaumwa wapi. Humtembeza uani akimtazama visigino, kisha humlaza kifudifudi na kupitisha vidole gumba mgongoni, pingili kwa pingili. Msuli ukikaza, huusubiri. Juzi aliletwa Mihayo, kuli wa bandarini, amepinda siku ya tatu. Mnyapara alikwisha kumwambia asipofika kesho yake nafasi yake ina mtu. Mihayo alijikaza kama gogo. Bibi ni Mzaramo, mtani wake. “Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, leo umelazwa na gunia la karanga?” Mihayo akacheka, mgongo ukalegea, na papo hapo viganja vikashuka kwa uzito wote. Pingili ikaalika. Akasimama wima.

“Umenyooka, hujapona,” bibi alimwambia. Alfajiri alifuatana naye hadi lango la bandari, akamtaka mnyapara ampe kazi ya kushona magunia wiki nzima. Mnyapara akaguna. Bibi hakusogea.

“Nimemnyoosha mimi. Ukimpinda tena, utamnyoosha wewe, hapahapa, watu wote wakikutazama.”

Mnyapara akaenda kutafuta sindano.