Siku ya Kukandika Nyumba ya Mama

Katika mtaa wetu pale Kasongo, kila nyumba ya udongo ilikuwa na siku yake. Mvua zikishakatika na mpunga ukishavunwa, wanawake walipangiana zamu: leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka nyumba zote zikandikwe upya. Mwenye nyumba hakumlipa mtu. Alipika wali na samaki waliotoka Nyangwe, akachota maji, kisha akatia mikono yake kwenye tope pamoja na wenzake. Siku za wenzake zikifika, naye alikwenda. Siku ya nyumba ya mama ilikuwa Jumatano.

Mimi nilikuwa naichukia Jumatano hiyo. Udongo wa kichuguu ni mzito, na mimi ndiye niliyeukanyaga kwa miguu mpaka ulainike. Uliingia kwenye kucha ukakaa humo wiki nzima, na shuleni wenzangu walinicheka. Wanawake nao walipiga soga tangu asubuhi, wakiwasema waume zao waziwazi kama vile mimi sina masikio. Siku hizi nikinusa udongo mbichi machozi yananitoka, na watoto wangu wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Nikaolewa Kabambare. Nikajifunza kushona, nikapata wateja, na nilipokuwa na kitu mkononi kwa mara ya kwanza nikaamua kwamba mama atapumzika. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Nikaja Kasongo na mifuko ya saruji, sima kama tunavyoiita kwetu, imefungwa nyuma ya pikipiki tatu, nikamtafuta fundi, nikamwambia aipake nyumba nzima, nje na ndani. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu kwamba sikumwita aje kuniuliza maswali.

Nyumba ikawa laini, ya kijivu, kama ofisi ya serikali. Niliizunguka nikijipongeza. Mama alipitisha kiganja ukutani, taratibu, toka mlangoni hadi pembeni.

"Iko muzuri," akasema. "Aksanti, mama yangu." Kwetu mzazi humwita binti yake hivyo akiwa na upendo naye.

Miaka mitatu baadaye kaka yangu, anayekaa Kindu, akanipigia simu. Upepo ulikuwa umefunua bati moja juu ya chumba cha mama, na mvua za mwisho zilimiminika juu ya ukuta siku kadhaa kabla ya mtu kugundua. Sasa ukuta ulikuwa umevimba.

"Kibambazi kikimuangukia tutasema nini?" kaka akaniuliza. "Nakuja mwisho wa mwezi. Nikikuta ile nyumba iko vile, namuchukua mama, namupeleka huku."

Nilifika Kasongo siku ya pili, nimetapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amehamishia kitanda chake sebuleni. Aliponiona hakuulizia watoto kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kindu nitafanya nini?" akasema. "Kule hata njia ya choo sitaijua. Ongea na kaka yako."

Niliingia chumbani. Kwa macho, saruji ilikuwa nzima isipokuwa ufa mmoja mwembamba. Nilipogonga kwa kidole, ukuta ukaitika kama ngoma. Fundi, yule yule, alikuja na patasi yake, akabandua kipande kikubwa kama sinia. Nyuma yake udongo ulikuwa uji mtupu. Ulitiririka ukatufunika miguu.

"Dada, sima iko muzuri kwa matofali ya kuchoma," akasema bila kunitazama. "Hii ni udongo. Maji iliingia juu, ikakosa pa kutokea."

Niliona aibu. Nilikuwa nimeizika nyumba ya mama ikiwa hai, huku nikijisifu. Tulibandua saruji yote ya chumba kile. Fundi akavunja sehemu iliyooza, akaijenga tena kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, akarudisha bati na kulipigilia vizuri. Kisha tukaliacha jua lifanye kazi. Likabaki jambo moja: ukuta ulikuwa uchi, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mikono yangu miwili isingetosha kuukandika kwa wakati, tena ilikuwa imezoea cherehani.

Lakini wanawake wa mtaa ningewaitaje? Tangu niweke saruji, nyumba ya mama haikuwa na siku. Asiyekandikiwa hana haja ya kukandika, ndivyo nilivyojua mimi, na asiyekwenda kwa wenzake hawezi kuwaita. Nilikwenda kwa jirani yetu wa ukutani, mama mtu mzima, nikaanza kuomba radhi mlangoni kabla hata sijakaa.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako hakukosaka hata siku moja kwetu," akasema. "Hii miaka yote tatu. Goti ilimuuma, akakuja, akakaa chini, akakandika pale mukono inafika. Sasa weye unauliza kama tutakuja?"

Nilirudi nyumbani taratibu. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Ulikuwa unakwenda kwao?" nikamuuliza. "Na magoti yako? Mimi nilileta sima ili upumzike. Kwa nini hukuniambia unaitaka siku yako?"

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi.

"Ulitoka Kabambare mpaka hapa na ule muzigo," akasema. "Nikuambie urudishe?"

Nilikaa chini kando yake nikalia, na yeye akaniachia nusu ya mchele nichambue.

Wanawake wa mtaa walikuja Jumatano. Kaka alipofika mwisho wa mwezi alikuta ukuta umesimama, mkavu, na mama yuko kitandani kwake mule ndani. Aliugonga, akausukuma kwa bega, kisha akanawa mikono. Mama akampakulia, akamwambia awasalimie watu wa Kindu.

Mimi aliponisindikiza kwenye pikipiki, alinishika mkono. "Mwaka kesho usitume kitu," akasema. "Kuja."

Nikaja mwaka ule na mwaka uliofuata. Nilikanyaga udongo kama zamani, nikasikia soga za waume, sasa na mimi nikiwa na langu la kuchangia. Mwaka wa tatu tulikuwa tumemzika mama mvua zikiwa bado zinanyesha. Nilikuja Jumatano yetu kufunga vyombo na kumkabidhi jirani ufunguo, sikuwa nimemwita mtu. Saa mbili asubuhi niliwasikia uani wakimwaga udongo chini, na mmoja akaniuliza kupitia dirisha kama nimeshaweka wali jikoni.