Zawadi ya Koplo Buchanan

Ras Enos hakuitwa kwenye sherehe ya Koplo Buchanan kwa sababu ya kupendwa. Aliitwa kwa sababu siku hizi Jamaika nzima imegundua kwamba Rasta ni mali: nywele zake zinauza fulana, rangi zake zimepakwa hadi kwenye kuta za benki. Unafiki mtupu! Wale wale waliokuwa wakimfungia milango leo wanataka kupiga naye picha.

Mjukuu wa Koplo, Shanelle, ndiye aliyepanda mlimani kumwalika.

"Babu anatimiza miaka themanini, mzee wangu. Anapenda rege huyo, usiseme! Njoo umpigie ngoma."

Enos alikubali kwa sharti moja: pombe isiisogelee ngoma. Ile ilikuwa ngoma ya ibada, na aliyeiwamba ni marehemu baba yake. Shanelle hakujua kwamba mzee ana lake moyoni. Miaka ya mwanzo ya uhuru, Koplo akiwa polisi kijana, alimkamata Enos darajani, kosa lake nywele tu, akamkalia kifuani na kumnyoa kwa kipande cha chupa. Nywele za Rasta ni nadhiri kwa Mungu. Tangu siku hiyo Enos alitaka kusikia neno moja kutoka kinywani mwa mtu yule: nilikosa.

Jumamosi mchana akafika, kofia ya sufu kichwani, akaitua ngoma barazani karibu na kiti cha Koplo. Supu ya mbuzi ilikuwa inachemka, spika zinanguruma, wageni wamejaa uani. Koplo aliinua glasi yake ya ramu bila kunyanyuka.

"Hawa ndugu zetu Marasta," akasema, "mimi nimewapenda tangu zamani!"

Watu wakapiga makofi. Enos akavua kofia, nywele zikamwagika hadi magotini.

"Koplo, unanikumbuka? Ulininyoa kwa chupa, pale darajani."

Shanelle akazima muziki. Koplo alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Kumbe ni wewe! Sasa unalia nini, mzee mzima? Si zimeota tena?"

Akaitua glasi juu ya ngoma, ramu ikamwagikia ngozi. Wageni nao wakacheka. Mijitu mizima, haina hata haya!

 Enos akaiondoa glasi, akatoa kisu mfukoni.

"Mzee, tafadhali!" Shanelle akapiga kelele.

Enos hakumtazama. Aliichana ngozi aliyoiwamba baba yake, kuzunguka ukingo wote, akamtupia Koplo mapajani.

"Ngoma iliyomwagiwa pombe siipigi. Chukua, zawadi yako. Hiyo haioti."

Akajitwisha gogo tupu la ngoma, akapanda zake mlimani. Nyuma yake mtu aliwasha rege tena, mdundo ule ule uliotoka kwenye ngoma za akina Enos, na wageni wakacheza bila kujali. Koplo peke yake hakucheza. Alikaa na ngozi ile mapajani, hajui aiweke wapi.