Meza Isiyokaguliwa

Mimi nina domo, nakiri, na kikundini wananiita Pilipili. Lakini asubuhi ile domo lilinikauka. Nilikuwa nazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga, maana lori la kiwanda lingefika saa nne na mimi sikuwa na hakika tena na kilichomo ndani ya marobota yetu ya chupa.

Kikundi chetu kinazoa taka za mitaa mitatu. Ada wanayotoa wenye nyumba inaishia kwa wasukuma mikokoteni. Gari la kupeleka taka dampo tunalilipa kwa chupa za plastiki tunazouza kiwandani, na kiwanda kinataka chupa nyeupe tu. Za buluu zikichanganyika humo, mzigo mzima unarudi. Tulikuwa tumesharudishiwa mara mbili, na meneja wao akatuambia ikitokea ya tatu tusihangaike kumpigia simu. Bila kiwanda hakuna gari. Bila gari taka zinalala barabarani, na halmashauri inampa mwingine kazi. Watu ishirini na wawili tungerudi nyumbani kutazamana.

Mwenye meza ya mwisho ya kuchambua ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Tunamwita Darubini. Ndiye aliyetufundisha sote kazi hii, na kwetu chupa ikishapita mikononi mwake haiguswi tena, inakwenda kufungwa. Kumkagua Darubini ni kumvunjia heshima, nani angethubutu? Kwa hiyo mzigo uliporudi mara ya pili, tulimtafuta mkosaji kila mahali ila pale. Tukamwangukia Kifuniko, mfungaji wetu wa marobota, baba wa watoto wanne. Tukasema anashindilia takataka yoyote ili robota lijae upesi, yeye akapumzike. Tukamfukuza. Aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi. Wifi alikuwepo, ameinamia chupa zake, hakutia neno.

Sasa, siku moja kabla ya asubuhi ile ya lori nilipita mezani kwake. Mbele ya macho yangu akaokota chupa ya buluu, akaisogeza karibu na pua, akaitupa kwenye nyeupe. Kisha nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini wifi? Nikaondoka, na usiku kucha nilijigeuza kitandani mpaka mume wangu akauliza kama nina kunguni.

Basi asubuhi nikamfuata na chupa mbili mkononi.

"Wifi, nisaidie. Ipi ya buluu hapa?"

"Siku hizi unanipima?"

"Nionyeshe tu, wifi yangu."

Akazichukua, akazigeuza kwenye mwanga, akanipa moja. "Hii."

Zote mbili zilikuwa za buluu.

Nadhani uso wangu aliuona, au alisikia nilivyoguna. Akaketi juu ya robota, mikono magotini. "Usimwambie mdogo wangu," akasema. "Mwanzo nilidhani ni vumbi. Mwaka sasa. Mtu asiyeona mtamweka wapi hapa, wifi? Mtanitundika ukutani?"

Nilimhurumia, na nilimkasirikia mpaka masikio yakaniwaka. "Na Kifuniko?"

Honi ya lori ikalia getini.

Dereva hakutaka hadithi. Alisema saa sita anaondoka, tumepakia hatujapakia. Nikakata kamba za robota la kwanza, likamwagika, buluu zikatutazama. La pili vilevile. Yote yalikuwa manane. Kuchambua tungeweza, tuko wengi, tungegawana. Kufunga ndiyo shughuli: tangu Kifuniko aondoke, wanaoshika mashine yetu kuukuu walikuwa wanatoa robota moja kwa saa, nalo linapasuka likiinuliwa. Yeye alikuwa akifunga saba kwa saa huku anapiga mluzi.

Nikampigia. Alipotambua sauti yangu akakata. Nikapiga tena, akakata. Ilikuwa saa nne na nusu, na watu wote wameacha kazi wananitazama mimi niliyemwita mwizi wa jasho letu. Kilichobadilika hawakukijua. Walijua tu kwamba marobota yamekatwa na dereva anatazama saa.

Wifi akaja akipapasa ukingo wa meza. "Nipe simu."

"Wifi, si lazima hapa mbele ya—"

"Nipe."

Akapiga. Akaongea kwa sauti ya kawaida, wote tukasikia.

"Ni mimi, Darubini. Usikate. Zile buluu nilizipitisha mimi. Sioni, ndugu yangu, mwaka sasa. Siku wanakufukuza nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuwa wewe."

Mtu mmoja nyuma yangu alisonya. Wifi alikuwa ameibana simu sikioni kwa mikono miwili, machozi yanateremka hayafuti. Nikasogea nikasikia pumzi za Kifuniko upande wa pili, ndefu, za mtu anayejizuia.

Halafu akauliza, "Lori linaondoka saa ngapi?"