Kiti cha Nyuma cha Kobe

Mama yangu hakuwahi kukaa mbele. Tangu nipate akili, ndani ya gari la baba alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, leso begani na pochi mapajani, na baba akakaa mbele peke yake. Majirani wa Kaloleni walimtania baba, wakimuuliza ameandikwa kazi na tajiri gani. Naye aliwajibu, "Huyu hapa nyuma. Na hajawahi kunipa hata siku moja ya mapumziko."

Gari lenyewe lilikuwa lile la zamani lenye mgongo wa duara, na sisi nyumbani tuliliita Kobe. Injini yake ilikaa nyuma, pale ambapo magari mengine yana buti, na mizigo ilikaa mbele. Mama alikuwa na mgongo mbovu tangu aliponizaa mimi, mwanawe wa pekee. Aligundua kwamba mkienda mwendo kidogo, joto la injini lilipenya kwenye kiti na kumkanda kiuno kuliko dawa yoyote ya kuchua. Basi hakuhama. Nilipokuwa mdogo nililala mapajani mwake huko nyuma; nilipoolewa Komarock akabaki na kiti chote. Baba alizungumza naye kupitia kioo cha ndani. Alikuwa amekipinda hata hakikumwonyesha barabara tena, kilimwonyesha mama tu. Magari ya nyuma aliyaangalia kwa vioo vya pembeni.

Mama alitutoka mwaka juzi. Baba aliendelea kumwendesha Kobe kila Jumapili, kanisani kwanza, kisha kwangu Komarock kwa chakula cha mchana. Kile kioo hakukigusa. Haki ya Mungu nilikiona. Siku moja nilinyoosha mkono nikirekebishe, naye akautoa mkono wangu polepole. Nikadhani ni uzee.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na Kobe alikuwa akinitafuta. Leo waya wa klachi umekatika, kesho haamki, vipuri havipatikani. Jumapili moja alizima Barabara ya Jogoo mvua ikinyesha, nikamkuta baba, mzee mzima na suti yake ya kanisani, anasukuma gari. Nilimwambia palepale kwamba mambo haya yamekwisha.

Ofisi ninayofanyia kazi inashughulikia magari yanayoagizwa kutoka nje. Mteja wetu mmoja, mpenzi wa magari ya kale, alikuwa amejiagizia kigari kipya cha mbio, cha manjano, cha viti viwili, na alikuwa ameshakichoka. Nilipomtajia Kobe macho yalimtoka. Tukakubaliana kubadilishana, gari kwa gari. Alinieleza kwamba injini ya hicho kigari iko katikati, karibu na mabega ya dereva, ndiyo maana uzito umesawazika na gari halitupi mkia kwenye kona. Nikajiambia, sasa hapo tofauti iko wapi? Injini bado iko mgongoni kwa dereva, imesogea mbele kidogo tu. Na tena baba, enzi zake akiwa karani wa reli, alikuwa akikata picha za magari ya mbio gazetini na kuzibandika ukutani. Niliona nimemletea ndoto yake mlangoni.

Nililiegesha nje ya nyumba nikamwita. Baba ananiita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akachungulia ndani.

"Baba, unaonaje? Linaweza kuchukua nafasi ya Kobe?"

Aliniangalia mimi, si gari. "Mwaitu, ni gari zuri sana."

Hilo halikuwa jibu la swali langu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kutafuta funguo za Kobe.

Vijana wa mtaa walimshangilia. "Niaje mzee, hiyo ndinga ni moto!" Baba aliinua mkono akatabasamu, kisha akainama kwa taabu, akajikunja kuingia, goti moja kwanza, halafu lingine. Alikuja nalo kwangu Jumapili nne. Ya tano alisema amechoka. Ya sita alisema ana mafua. Niliamini, maana nilitaka kuamini.

Ya saba alinipigia simu kutoka Barabara ya Kangundo. Gari linatoa moshi. Nikamchukua fundi wangu, tukamkuta baba amesimama kando ya barabara, kofia mkononi. Fundi alifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Injini ilikuwa imeungua, haina tone la maji.

"Mzee, maji uliangalia lini mara ya mwisho?"

"Maji ya nini?" baba akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na badala ya kunyamaza nikafoka. Baba hajawahi kuendesha gari lingine maishani mwake ila Kobe, na injini ya Kobe ilipozwa na upepo. Haikuwa na rejeta. Oili alikuwa akiipima kila Jumamosi asubuhi kama alivyozoea, ilikuwa imejaa hadi kwenye alama. Mshale wa joto ulipopanda alidhani ni wa petroli, akafurahi kwamba haiishi. Nami nilikuwa nimempa funguo tu, sikumwambia neno. Lakini nilimfokea mzee wangu mbele ya fundi na wapita njia, nikamwambia hata mtoto anajua gari hunywa maji.

"Kobe hakunywa," alisema. Basi.

Ndani ya gari langu tukirudi Kaloleni alitazama dirishani hadi tulipofika karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Nisamehe, mwaitu. Nilijaribu kulizoea. Lakini kwenye lile gari nikitazama kioo naona kifuniko cha injini. Nimetafuta pa kumweka mama yako, sikupaona."

Nililia nikiwa nimeshika usukani. Baba alinipa kitambaa chake, akaniambia niangalie barabara.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mbio. Kesho yake nilienda kwa yule mteja kumsihi anirudishie Kobe. Alinipeleka gereji anakotengenezea magari yake. Kobe alikuwa amepakwa rangi mpya, amewekwa viti vipya vya ngozi, na mteja alikuwa ameshamwahidi kwa mwenzake. Tena mimi ningemrudishia nini, ile injini iliyoungua? Simlaumu. Niliomba tu kuona viti vya zamani. Fundi wake alinionyesha stoo, na chini ya turubai nikakiona kile cha nyuma, sponji imetoka, na upande wa kushoto kimebonyea. Niliweka kiganja pale kwenye shimo, nikamwita mama kwa sauti. Fundi alidhani nimeona panya.

Nilikileta Kaloleni kwa pikapu. Nikakiweka sebuleni kwa baba, nikakisukuma ukutani, upande wa pili ni jikoni, ili kipate joto la jiko. Nilidhani atakikalia. Baba alikitazama muda mrefu, akakifuta vumbi kwa mkono, akanyoosha sponji iliyotoka. Kisha akaenda jikoni akaleta kigoda, akakiweka mbele ya kile kiti, upande wa kulia, akakaa akikipa mgongo, uso kwenye dirisha. Mikono aliiweka magotini.

Nilikuwa nimechoka, viatu vinaniuma, nikajitupa kwenye kile kiti nyuma yake, pale palipobonyea.

Baba hakugeuka.

"Sogea kulia kidogo, mwaitu," alisema. "Hapo pana mtu."

Nikasogea.